Bandu bandu huisha gogo: Hesabu na subira katika kupunguza uzani

KILA mwaka mpya unapoingia, mazungumzo katika majilisi ya walimu huwa ni yale yale: karo, matokeo ya mitihani na uzani wa mwili. Mmoja hutangaza kwamba mwaka huu hatautia kinywani ugali wa usiku. Mwingine huapa kuiaga chai ya maziwa. Wa tatu amepata habari za majani fulani ambayo, yakichemshwa na kunywewa alfajiri, husemekana kuyayeyusha mafuta ya tumbo kwa siku 14. Ifikapo Machi, viapo hivyo vimekwisha kusahauliwa na sinia la mandazi la saa nne linazungushwa kama ilivyo ada.

Si nia yetu kuwacheka watu hawa. Fikira iliyoenea miongoni mwetu ni kwamba asiyeweza kupunguza uzani wake ni mlafi au mvivu. Sisi tunaona vingine. Wengi hushindwa kwa sababu waliianza safari wakiwa na hesabu isiyo ya kweli, wakaupa mwili muda usiotosha, na ahadi waliyopewa isipotimia wakakata tamaa papo hapo walipokuwa wameanza kufaulu. Kosa lao, basi, ni la hesabu na la matarajio. Makosa ya aina hiyo ndiyo ambayo mwalimu na mwanafunzi wamezoea kuyasahihisha.

Jambo hili si la urembo

Kwanza tukubaliane kwamba tunazungumzia afya. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja katika kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliopita kiasi. Katika utafiti kama huo wa 2008 na 2009, alikuwa mmoja katika kila wanne. Mabadiliko hayo yalitokea katika muda mfupi mno kuliko ule unaohitajika kumlea mtoto kutoka chekechea hadi kidato cha kwanza.

Uzani uliopita kiasi huongeza hatari ya kupatwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Kisukari hakiui kwa siku moja. Huanza kwa kiu na uchovu, kikaja kwenye macho, kikateremka kwenye figo na miguu, na katika muda huo wote hudai dawa kila siku ya Mungu. Mwalimu anayepatwa na maradhi hayo akiwa na umri wa miaka 45 angali ana miaka 15 ya kushika chaki kabla ya kustaafu. Nani atakayeilipa gharama hiyo kama si yeye, aila yake na wanafunzi watakaomkosa darasani?

Hata hivyo, mila zetu hazirahisishi mambo. Kwa muda mrefu kitambi kilihesabiwa kuwa ni cheti cha ufanisi. Bibi arusi akinenepa, watu husema ndoa imemkubali. Kijana akirudi nyumbani kutoka kazini akiwa mwembamba, mama yake huuliza ni nani anayemtesa huko mjini. Zaidi ya hayo, janga la ukimwi lilipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, nchini Uganda ugonjwa huo ulipewa jina lenye maana ya wembamba, na tangu hapo mtu mzima akipungua mwili minong'ono huanza. Anayeamua kupunguza uzani katika jamii ya namna hii hapambani na tumbo lake peke yake. Hupambana pia na macho ya majirani.

Kalori ni nini?

Neno kalori limekuwa maarufu midomoni, lakini maana yake aghalabu haieleweki. Kalori ya chakula ni kipimo cha nishati: ni kiasi cha joto kinachohitajika kuipandisha lita moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Wilbur Atwater, pamoja na wenzake, walijenga chumba ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa huku joto litokalo mwilini mwake likipimwa. Kutokana na kazi yake tulirithi hesabu inayotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9.

Mwili basi una daftari lake la mapato na matumizi. Mapato ni chakula na vinywaji. Matumizi ni yale yanayoendesha moyo, ubongo, ini na mapafu hata tukiwa usingizini, pamoja na yale ya kutembea, kufyeka, kufua na kupanda ngazi. Mapato yakizidi matumizi, ziada huwekwa akiba kwa umbo la mafuta. Matumizi yakizidi mapato, mwili huifungua ghala yake. Hakuna jani, mkanda wa tumbo wala chai ya miujiza iwezayo kuifuta kanuni hiyo. Nyingi za chai hizo humwendesha mtu haja tu, na anachopoteza ni maji.

Kwa msomaji wa Kenya, kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni pakiti ya unga. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori 3,600 hivi, kwa hiyo pakiti ya kilo mbili ina kalori 7,200. Kilo moja ya mafuta yaliyo mwilini mwa binadamu ina takriban kalori 7,700. Yaani kila kilo ya mafuta tunayoibeba kiunoni ni pakiti nzima ya unga, na ziada kidogo, iliyopikwa, ikaliwa na ikakosa kazi ya kufanya.

Tuitumie sasa hesabu hiyo kuwapima wauza miujiza. Tangazo likiahidi kwamba utapoteza kilo tano za mafuta kwa wiki moja, linadai kwamba mwili wako utateketeza kalori 38,500 za akiba kwa siku saba, ambazo ni kalori 5,500 kwa siku. Ilhali watu wazima wengi hutumia kati ya kalori 2,000 na 2,600 kwa siku nzima. Hata mtu akifunga kabisa, asile wala tonge moja, hataifikia nusu ya ahadi hiyo. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyejifunza kuzidisha na kugawanya anaweza kuutambua uongo huo kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Huenda msomaji akauliza: mbona jirani yangu alipoteza kilo tatu wiki ya kwanza? Jibu lipo. Mwili huhifadhi wanga kidogo katika ini na misuli, na wanga huo hushikamana na maji yenye uzani mara tatu hivi ya uzani wake. Mtu akijinyima ghafla, wanga huo hutumika kwanza na maji yake hutoka nao. Mizani hushangilia. Siku akila chapati mbili na bakuli la wali, wanga hurudi, maji hurudi, na kilo zile hurudi zote pamoja. Mafuta yenyewe hayakuguswa sana, lakini moyo wa mtu umekwisha kuvunjika.

Hesabu inayowakatisha wengi tamaa

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu mwenye uzani wa kilo 82 na kimo cha mita 1.65. Hunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Anaamua kutia kijiko kimoja tu. Amepunguza vijiko vinane, ambavyo ni gramu 40 za sukari na kalori 160. Tena anaondoa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia katika chakula chake cha siku nzima, ambacho ni kalori 120. Jumla amepunguza kalori 280 kwa siku. Bado anakula ugali, sukumawiki na maharagwe yake kama kawaida.

Akiigawanya hesabu hiyo kijuujuu, ataona kwamba kalori 280 kwa siku 365 ni kalori 102,200, na kwamba ukigawanya kwa 7,700 unapata kilo 13. Vitabu na magazeti mengi yameifundisha hesabu hiyo kwa miaka na miaka. Mwalimu wetu ataweka lengo la kilo 13, na mwaka utakapokwisha atapanda juu ya mizani na kuona amepoteza kilo 6 hivi. Atasema, "Nimeshindwa. Mwili wangu si wa kupungua." Kisha atarudi kwenye vijiko vyake vitatu.

Lakini hakushindwa hata kidogo. Iliyokosea ni hesabu. Mwili si gogo lililolala likingoja shoka. Kadiri unavyopungua ndivyo unavyohitaji nishati kidogo zaidi ya kujiendesha, kama gari linalopunguziwa mizigo linavyotumia petroli kidogo kupanda mlima ule ule. Isitoshe, njaa huzidi kidogo na mwili hujibania matumizi. Mwaka wa 2011, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha hesabu iliyo karibu zaidi na hali halisi. Kwa mtu mzima aliyenenepa, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, zikidumishwa, hatimaye huondoa kilo moja. Nusu ya badiliko hilo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu lote, asilimia 95, katika miaka mitatu.

Kwa hesabu hii, kalori 280 za mwalimu wetu zitamwondolea kilo 12 kasoro kidogo, lakini zitachukua miaka kadhaa, na mwaka wa kwanza atapata kilo 6 kasoro. Hizo ni kilo mbili kwa muhula. Nani anayejigamba kwa kupoteza kilo mbili kwa muhula? Hakuna. Walakini tazama thamani yake.

Mwaka wa 2002 nchini Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa wakikikaribia kisukari. Kundi moja lilifundishwa kubadili mlo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, likiwa na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani. Kundi la pili lilipewa dawa ya metformin, na la tatu dawa bandia. Kundi la mlo na mazoezi lilipoteza kwa wastani kilo 5.6 tu. Pamoja na udogo wa kilo hizo, visa vya kisukari katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na kundi la dawa bandia. Dawa yenyewe ilipunguza kwa asilimia 31.

Asilimia 7 ya kilo 82 ni kilo 5.7. Mwalimu wetu, yule aliyelia kwamba ameshindwa, alikuwa amesimama mahali pale pale ambapo watu wale waliinusuru afya yao. Kioo hakikumwonyesha hivyo, na wala majirani hawakumsifu, lakini damu yake ilijua. Hasara iliyoje mtu kuutupa ushindi kwa sababu aliandaliwa kuutarajia ushindi mwingine usiowezekana!

Akili ndiyo inayobeba mzigo

Kupunguza kalori 280 ni jambo la jikoni, lakini kudumu nalo kwa miaka mitatu ni jambo la akili. Kuna mambo mawili ambayo akili haina budi kuyajua.

La kwanza ni kwamba kujinyima kupita kiasi huligeuza wazo la chakula likawa mfalme. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachunguza wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitakiwa kutembea sana, hata wakapoteza karibu robo ya uzani wao. Wanaume hao walikuwa hodari na wenye nia njema, lakini walibadilika. Walikuwa wepesi wa hasira, walihisi baridi wakati wote, walipoteza hamu ya masomo na ya urafiki. Wengine walisoma vitabu vya mapishi usiku kucha na kuota ndoto za chakula. Waliporuhusiwa kula, wengi wao walikula pasi na kushiba, na mafuta yakarudi kuliko yalivyokuwa mwanzoni. Yeyote anayemwita dhaifu mtu aliyeishindwa njaa ya namna hiyo aifikirie habari hii.

La pili ni kwamba kumbukumbu yetu ya chakula haiaminiki. Mwaka wa 1992 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 10 walioshikilia kwamba hawapungui ilhali wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa kwa njia za kisayansi, ilibainika kwamba waliripoti takriban nusu tu ya walichokula, na kwamba waliyakadiria mazoezi yao kuwa makubwa kwa nusu zaidi. Miili yao haikuwa na kasoro yoyote katika kuitumia nishati. Tusiharakishe kuwaita waongo. Nani kati yetu anayekumbuka karanga alizotafuna akisahihisha madaftari, kipande cha chapati alichomega jikoni, au soda aliyonunuliwa stani? Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 32 hivi, karibu kalori 130. Mtu mzima hulazimika kutembea nusu saa kuzitumia. Ndiyo maana daftari dogo la kuandika kila kinacholiwa, hata kwa wiki mbili tu, humsaidia mtu kuliko chai ya majani ya ajabu.

Kuna pia fikira moja inayowaangusha wengi: ile ya kwamba mtu ama amefuata sheria zote, ama ameharibu kila kitu. Amealikwa harusini, akala pilau sahani mbili. Badala ya kusema, "Hizo ni kalori mia kadhaa, kesho naendelea," anasema, "Nimekwisha kuharibu," na kuanzia hapo anakula bila kujali mpaka Januari nyingine. Mwalimu hawezi kumshauri mwanafunzi aliyefeli jaribio moja la hesabati kwamba aiache shule. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika jamii yetu ambayo kukataa chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu, siku za kula zaidi hazitakosekana, na mpango usioweza kuustahimili ugeni, matanga na Krismasi si mpango wa kufuatwa hapa kwetu.

Je, pole pole ni bora kuliko haraka?

Haki inatudai tuyatazame pia yanayoipinga hoja yetu. Mwaka wa 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 204 walionenepa kupita kiasi. Kundi moja lilipunguza uzani kwa wiki 12, na lingine kwa wiki 36. Wa haraka waliofikia lengo walikuwa asilimia 81, na wa pole pole asilimia 50. Kisha wale waliofaulu katika makundi yote mawili walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na wote walirudiwa na kiasi kile kile, takriban asilimia 71 ya uzani walioupoteza.

Baadhi ya watu huutumia utafiti huo kusema kwamba subira haina maana. Sisi tunausoma vingine. Unatufundisha kwamba mwendo wa pole pole hauna uganga ndani yake. Mtu akienda pole pole kwa mlo asiokusudia kuudumisha, atarudi alikotoka sawasawa na aliyekwenda mbio. Hata sindano mpya za kupunguza uzani, zinazosifiwa siku hizi na ambazo kwa kweli zina nguvu, hazikuepuka kanuni hiyo. Ripoti ya 2022 kuhusu dawa ya semaglutide ilionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuiacha, watu walirudiwa na theluthi mbili ya uzani walioupoteza. Swali kubwa, kwa hivyo, ni utaishi vipi siku ya 400, wakati hakuna tena anayekutazama. Faida ya kwenda pole pole ni kwamba humlazimisha mtu kuchagua mabadiliko anayoweza kuyabeba. Chai ya kijiko kimoja inaweza kunywewa miaka 30. Supu ya kabeji asubuhi, mchana na jioni haiwezi.

Walimu wanaifahamu tofauti hii. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani akimeza kurasa 200 anaweza kuupita mtihani, lakini muulize Juni ijayo. Yule aliyesoma kurasa mbili kila jioni hana la kusimulia, ila elimu imekaa.

Na mazoezi je? Wako wanaodhani kwamba dawa ni kukimbia tu. Mwaka wa 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayoitumia Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, ambao wangali wanawinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Ingawa hutembea mwendo mrefu kila siku, nishati waliyoitumia kwa siku, baada ya ukubwa wa mwili kuzingatiwa, haikutofautiana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi maofisini. Hivyo basi mazoezi peke yake si rahisi kuushinda mkono unaotia kijiko kinywani. Hilo lisimfanye mtu kuyaacha. Mazoezi huimarisha moyo, hupunguza sukari katika damu, huilinda misuli isipungue pamoja na mafuta, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima. Mwalimu anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya shule yake na kutembea asubuhi na jioni amekwisha kuianza safari hiyo bila kulipa hata shilingi moja.

Neno kwa shule

Kwa wanafunzi tuna tahadhari kubwa. Hesabu tulizozitoa hapa ni za watu wazima. Kijana anayekua anahitaji nishati, protini, madini ya chuma na chokaa ya kujenga mifupa, na vipimo vya uzani kwa kimo vinavyotumiwa kwa watu wazima havimfai. Msichana anayeruka chakula cha mchana ili apungue kiuno anajinyima damu na umakini wa masomo ya alasiri. Iwapo kuna wasiwasi kuhusu uzani wa mtoto, aonwe na daktari au mtaalamu wa lishe, na mlo wa nyumba nzima utazamwe, maana mtoto hajipikii.

Kadhalika, dhihaka na majina ya kuchekesha yakome. Mtoto anayeitwa pipa mbele ya darasa hapungui kwa kuaibishwa. Hujificha, hula kwa siri na huchukia uwanja wa michezo. Mwalimu anayecheka pamoja na darasa ameshiriki katika jeraha hilo.

Na tuvirudishe vipindi vya mazoezi ya viungo mahali pake. Kila mtihani unapokaribia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kupokonywa, kikapewa hesabati au Kiingereza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kujishughulisha kila siku. Shule inayowaketisha vitini tangu alfajiri hadi usiku isishangae kuwaona wakikua wazito na wachovu.

Kuhusu sahani yenyewe, hatuhitaji vyakula vya kigeni. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama. Githeri yenye maharagwe mengi hushibisha kwa muda mrefu kuliko chipsi na soda, na bei yake ni nafuu. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka chupani. Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, saa ile ile, na matokeo yaandikwe kama tunavyoandika alama: alama moja haimhukumu mwanafunzi, mwelekeo wa muhula mzima ndio unaosema kweli. Na anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone daktari wake kabla ya kubadili mlo, maana dawa nazo huenda zikahitaji kupunguzwa.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Methali hiyo hukaririwa sana madarasani, lakini ni nadra kuulizwa gogo hilo huchukua muda gani kwisha. Gogo tunalolizungumzia huchukua takriban miaka mitatu, na nusu yake ya kwanza huondoka mwaka wa kwanza, wakati ambapo hakuna jirani aliyeona tofauti yoyote. Anayeanza leo na ajiandae kwa ukimya huo. Apunguze kile anachoweza kukikosa maisha yake yote, aandike anachokula, asiliogope kosa la siku moja. Na atakapofika mwisho wa muhula akiwa amepungua kilo mbili, asiruhusu mtu yeyote, hata moyo wake mwenyewe, kumwambia kwamba hazitoshi.